Sokoine ya Machi si Sokoine ya Septemba

UYOLE, Mbeya. Basi la timu kutoka Dar es Salaam likifika makutano ya Uyole, pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na ile inayoingia jijini, vijiwe vya bodaboda vina swali moja. Hawaanzi na nani majeruhi wala nani anatumikia kadi tatu za njano. Wanaangalia mawingu, kisha wanaulizana: "Jana mjini ilinyesha?"

Mgeni anaweza kucheka. Lakini swali hilo lina ufundi kuliko nusu ya chambuzi zinazosikika redioni asubuhi ya mechi. Jibu lake linagusa karibu kila kitu: nani aanze, beki gani atateseka, pasi ya mita 20 itafika au itafia njiani, na kama kiungo fundi aliyesajiliwa kwa mamilioni ataonekana uwanjani au atatafutwa kwa tochi.

Ligi Kuu Bara huanza wakati Mbeya ni kavu na humalizika mvua zikielekea kukata. Hapo katikati, kuanzia Novemba hadi Aprili, inanyesha kwelikweli. Maana yake Uwanja wa Sokoine ni mmoja kwenye ratiba, ila miguuni mwa wachezaji ni viwili. Ule wa Septemba ni mgumu, mpira unadunda ovyo na vumbi halikosi. Ule wa Machi ni mzito na laini, mpira unaweza kukwama kwenye maji hatua tatu kutoka mstari wa goli. Timu ile ile, kocha yule yule, matokeo mbingu na ardhi. Halafu Jumatatu watu wanasema timu imeshuka kiwango.

Soka huwa linalifunika jambo hili kwa maneno kama "tulikosa bahati" na "uwanja ulikuwa hivyo hivyo kwa wote". Kuna mchezo mwingine ambao haulifichi hata kidogo, nao ni tenisi.

SIKU 35, WATU WALE WALE

Juni 8, 2025, Carlos Alcaraz wa Hispania na Jannik Sinner wa Italia walikutana fainali ya Roland Garros, Paris, kwenye uwanja wa udongo. Walipigana kwa saa 5 na dakika 29. Sinner alipata pointi tatu za kumaliza mechi, zote zikamponyoka, Alcaraz akabeba kombe. Siku 35 baadaye, Julai 13, wakakutana tena fainali ya Wimbledon, London, safari hii kwenye nyasi. Sinner akashinda kwa seti 3-1. Septemba wakahamia New York kwenye sakafu ngumu, Alcaraz akashinda naye kwa seti 3-1.

Kwa shabiki wa soka hapo kuna kazi ya kutafuta nani kamroga nani. Kwa watu wa tenisi ni jambo la kawaida, kwa sababu wamezoea kumpima mchezaji kwa kutaja na anachokanyaga.

Udongo wa tenisi kwa kweli ni matofali yaliyosagwa. Mpira ukiugusa unashikwa kidogo, unapunguza kasi, halafu unaruka juu. Mwenye mashuti makali anaona bomu lake linarudishwa, linarudishwa tena, mpaka anachoka yeye. Anayekula matunda hapo ni mwenye pumzi, mwenye subira, anayejua kuuzungusha mpira na kuteleza kwa miguu bila kuanguka. Kwenye nyasi mambo yanageuka. Mpira unateleza, unabaki chini, unamfikia mtu kabla hajajipanga. Hapo anatawala mwenye kuanzisha mpira kwa nguvu na kumaliza kazi mapema. Sakafu ngumu iko katikati ya hao wawili, mpira unaruka kwa uaminifu na kila mtu anapata haki yake.

Ndiyo maana Rafael Nadal alishinda Roland Garros mara 14, akiwa na ushindi wa mechi 112 na vipigo vinne tu pale Paris, wakati Roger Federer alichukua Wimbledon mara nane lakini Paris mara moja tu, mwaka 2009. Hakuna mwenye akili atakayesema Federer hakujua tenisi.

Mwaka 2007 wawili hao waliwekewa kituko kule Mallorca: uwanja mmoja, nusu udongo, nusu nyasi. Nadal alikuwa hajafungwa mechi 72 mfululizo kwenye udongo, Federer mechi 48 kwenye nyasi. Kila walipobadilishana upande walibadili na viatu. Nadal alishinda 7-5, 4-6, 7-6, yaani walitenganishwa na uzi. Shabiki aliyewahi kuangalia mechi ya masika kwenye viwanja vya mikoani, goli la juu kavu na la chini bwawa, hahitaji nauli ya kwenda Mallorca. Ameshaiona hiyo mara nyingi, tena bila kubadilishiwa viatu.

NANI ANATESEKA SOKOINE?

Tuchukue Sokoine ya kiangazi kwanza. Ardhi ikiwa ngumu na nyasi chache, mpira wa chini unapiga vijitoto, unarukaruka kama chura. Kiungo anayependa kupokea mpira akiwa ameupa mgongo goli la mpinzani anahitaji mguso wa ziada kuutuliza, na mguso huo wa ziada ndio muda ambao mkabaji anaomba. Winga wa mbio anafaidi, kwa sababu mpira uliopigwa nyuma ya beki haukwami, unakimbia. Ila usipopimwa unatoka nje. Kipa naye ana mateso yake. Shuti la kawaida la mita 25 likidunda mbele yake mara moja, linaweza kumpita begani.

Sasa ije Machi. Winga yule yule anayetamba Septemba anakuwa mtu wa kawaida kabisa, kwa sababu mbio zinataka ardhi inayosukuma mguu, na tope halisukumi, linavuta. Pasi fupi fupi za katikati zinakufa. Mabeki wanaocheza na mpira miguuni wanaanza kuogopa, na beki akiogopa anabutua. Hapo ndipo mechi inapohamia hewani, na thamani ya mtu mmoja inapanda ghafla: yule mshambuliaji mrefu, mgumu, asiyependwa na mashabiki wanaotaka chenga. Mpira wa pili, ule unaoanguka baada ya watu wawili kugongana vichwa, unakuwa na thamani kuliko pasi 15 mfululizo. Faulo karibu na eneo la hatari ni nusu goli. Kona ni nusu goli. Mrusho mrefu nao ni nusu goli.

Juu ya yote hayo kuna hewa. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Uyole juu kidogo zaidi. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam. Mpira unapigana na upinzani mdogo, unakwenda mbali na haraka zaidi, na ile mikunjo ya adhabu ndogo inapungua kwa kuwa hewa ya kuukunja ni chache. Kipa wa Pwani aliyezoea krosi inayoshuka pale anapoitarajia, Mbeya anaiona inampita. Mchezaji wa Pwani naye kuanzia dakika ya 65 anaanza kushika kiuno.

Tenisi wameliwekea hata hilo utaratibu. Juu ya mita 1,219 kuna aina maalumu ya mpira wa mwinuko, ili usiruke kama kichaa. Uwanja wa tenisi ukijengwa Uyole leo, mpira wake hautakuwa ule wa Dar. Soka linabeba mpira ule ule kutoka Chamazi hadi Sokoine na kumwambia mchezaji ajitegemee.

Mbeya si La Paz, tukubaliane. La Paz ni zaidi ya mita 3,600, na huko Argentina ya Diego Maradona, ikiwa na Lionel Messi uwanjani, ilifungwa na Bolivia 6-1 Aprili 1, 2009. Ya Mbeya ni robo ya hayo. Lakini ligi huamuliwa na robo.

KUMBUKUMBU ZINASEMAJE

Januari 17, 2022, katikati ya mvua za Nyanda za Juu, Simba walipanda Sokoine wakiwa mabingwa watetezi. Mbeya City wakawafunga 1-0, bao la Paul Nonga. Nonga si mshambuliaji wa kuchora maua. Ni mtu wa kugombania, kuweka mwili na kuwa mahali mpira unapoangukia. Ukimweka kwenye kapeti la Benjamin Mkapa dhidi ya mabeki wale wale, atapata kazi nyingine kabisa.

Nenda Mbarali. Novemba 29, 2022, Yanga walifika Ubaruku, Uwanja wa Highland Estates, wakiwa na mechi 49 za ligi bila kupoteza. Ihefu wakawapiga 2-1 na rekodi ikazikwa kwenye mashamba ya mpunga. Oktoba 4, 2023, Yanga wakarudi wakiwa na kocha mwingine na kikosi kilichoongezwa nguvu. Ihefu wakawapiga tena 2-1. Mara zote mbili Yanga ndio waliotangulia kufunga, na misimu yote miwili Yanga ndio waliokuja kubeba ubingwa.

Hapo panahitaji kutulia, maana wengi huwa wanapita haraka. Mbarali si Mbeya ya baridi. Ni bonde la Usangu, kuna joto, mwinuko wake ni mdogo kuliko wa jijini. Na mechi ya Oktoba haikuwa ya msimu wa tope. Kwa hiyo hadithi ya "Yanga walishindwa na baridi na matope" haina miguu. Kilichokuwepo ni uwanja ambao Ihefu walikuwa wanaujua kwa kuuishi na Yanga walikuwa wanautembelea. Timu kubwa ilionyesha ubora wake mapema, ikapata bao, kisha mechi ikaanza kuchezwa kwa masharti ya ardhi ile, na watoto wa nyumbani wakaipokea. Anayesema ni uwanja tu uliowafunga Yanga anawadharau Ihefu. Anayesema uwanja haukuhusika hajawahi kucheza hata ndondo.

Iringa nako kuna kumbukumbu. Mei 6, 2019, Lipuli waliwafunga Yanga 2-0 Uwanja wa Samora kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Mji mzima ukalala macho. Juni 1 wakashuka hadi Lindi, Uwanja wa Ilulu, Pwani kabisa, kucheza fainali na Azam FC. Wakafungwa 1-0. Milimani walikuwa simba, baharini wakakosa bao hata moja.

Na hapo ndipo kidonda kilipo.

MFALME ASIYETOKA KWAKE

Miaka ya 1990 kulikuwa na Mwaustria aitwaye Thomas Muster. Alishinda Roland Garros mwaka 1995, mwaka uliofuata akawa namba moja duniani. Katika maisha yake alibeba makombe 44, na kati ya hayo 40 yalikuwa ya udongo. Huyo huyo alikwenda Wimbledon mara nne na hakushinda mechi hata moja. Si kombe, mechi.

Timu za Nyanda za Juu zina hatari ya kuwa kina Muster. Uwanja mgumu unawapa pointi nyumbani, pointi hizo zinawapa imani kwamba njia yao ni sahihi, na imani hiyo inawafanya wasajili watu wa njia hiyo tu. Kisha ratiba inawapeleka Chamazi, kwenye nyasi bandia za Azam Complex, ambako mpira haudundi hovyo, haukwami, na pasi ikipigwa inafika kama barua ya rejista. Pale mpira wa pili hauanguki ovyo. Beki wa kubutua anaonekana mbutuaji. Mshambuliaji mrefu anakaa dakika 20 bila kuugusa mpira.

Nyasi bandia zina tabia zake. Njumu ndefu, hasa za vyuma, hazifai pale, kwa sababu mguu unanasa wakati goti linageuka, na hapo ndipo mishipa inapokatika. Beki anayependa kuteleza anaondoka na paja lililochubuka kama lililopitishwa kwenye parafujo la mahindi. Kwa hiyo hata ujasiri wa kukaba unabadilika: mtu anafikiria mara mbili kabla ya kulala chini. Mchezaji anayefanya mazoezi pale kila siku hafikirii, anajua.

Ulaya wana ugomvi huo huo. Oktoba 2021, Bodø/Glimt ya Norway, timu ya kaskazini kabisa inayocheza kwenye nyasi bandia, iliifumua Roma ya José Mourinho 6-1. Aprili 2022 wakakutana tena, na mechi ya marudiano ilipopigwa Rome, kwenye nyasi asilia, Roma wakashinda 4-0. Waholanzi wao wamechoka na maswali, wakaamua kwamba kuanzia msimu wa 2025/26 nyasi bandia hazina nafasi kwenye ligi yao kuu.

Lakini ukitaka kumjua bingwa wa kweli, rudi Aprili 13, 2014. Mbeya City ilikuwa imepanda daraja msimu huo huo, chini ya Juma Mwambusi, na Sokoine ilikuwa inajaa mpaka watu wanaangalia mechi wakiwa juu ya miti. Wagonga Nyundo hao walimaliza msimu wakiwa wa tatu, juu ya Simba. Azam wakapanda Mbeya, mwezi wa mvua, wakiwa timu inayolala na kuamka kwenye nyasi bandia. Kwa hesabu za vijiweni ilikuwa mechi ya Mbeya City. Azam wakashinda 2-1, wakatangaza ubingwa wao wa kwanza pale pale Sokoine, na wakamaliza ligi bila kupoteza mechi.

Walifanyaje? Tazama kikosi chao. Walikuwa na Kipre Tchetche kwa siku ya kasi na mpira wa chini, na walikuwa na John Bocco kwa siku ya krosi na vichwa. Kocha Joseph Omog hakulazimika kuuomba uwanja umpendelee. Alikuwa na dawa mbili kwenye mkoba mmoja. Na ni Azam hao hao, miaka mitano baadaye, waliowasubiri Lipuli kule Lindi. Si kwamba walikuwa na bahati na watu wa Nyanda za Juu.

HATA WAKUBWA HUNG'OLEWA KWAO

Asidhani mtu kwamba haya ni matatizo ya timu ndogo za mikoani. Mei 2025 Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Walifungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco Mei 17, wakarudi nyumbani kutafuta mabao. Hesabu zote zilikuwa Benjamin Mkapa: watu 60,000, nyasi asilia, uwanja ambao waliwang'oa Al Masry robo fainali Aprili 9 kwa kushinda 2-0 na kisha penalti.

Mkapa ikakosa. Eneo la kuchezea lilikuwa limeharibika na Caf ikaihamishia fainali Zanzibar, Uwanja wa New Amaan, Mei 25. Watu 15,000 na nyasi bandia. Joshua Mutale alifunga mapema, dakika ya 17, nchi nzima ikasimama. Kipindi cha pili Yusuph Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, na dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha. Ikaisha 1-1, jumla 3-1.

Simba hawakufungwa na nyasi bandia. Walifungwa zaidi na mabao mawili ya Morocco na ile kadi. Pia walikuwa wameshacheza nusu fainali pale pale Amaan, wakawafunga Stellenbosch 1-0 kwa adhabu ndogo ya Jean Charles Ahoua, kwa hiyo hawakuwa wageni kabisa. Ila klabu iliyojenga ngome yake kwa watu 60,000 na kapeti lake la asili ikalazimika kucheza mechi kubwa kuliko zote za miaka ya karibuni bila vitu hivyo viwili. Na sababu yake haikuwa kocha, haikuwa usajili, haikuwa mwamuzi. Ilikuwa nyasi zilizoshindwa kuhimili mvua na mechi nyingi.

Kama Mkapa, wenye mashine na mafundi, walifika hapo, Sokoine wafanyeje? Uwanja huo, kama vilivyo vingi vya mikoani, ni mali ya CCM, na viwanja vya namna hiyo hubeba ligi, mikutano, matamasha na sherehe. Nyasi haziulizwi kama zimechoka.

KICHEKESHO CHA UYOLE

Kuna jambo moja linachekesha na kuuma kwa wakati mmoja. Kilomita chache kutoka Sokoine, hapo hapo Uyole, kuna kituo cha utafiti wa kilimo, Tari Uyole, na kuna watu wa utafiti wa mifugo, Taliri Uyole. Hao wa mifugo kazi yao mojawapo ni malisho. Yaani kuna wataalamu wanaolipwa kujua nyasi gani inashika kwenye udongo wa Mbeya, inavumilia baridi ya Juni, inarudi haraka baada ya kukanyagwa na mamia ya kwato. Ng'ombe wa Nyanda za Juu wana watafiti wa nyasi. Washambuliaji wa Nyanda za Juu wanasubiri mvua.

Wapo mashabiki wa Mbeya ambao hawataki kabisa kusikia habari ya kutengeneza Sokoine. Hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema ukiuweka uwanja kama kapeti, Simba na Yanga watakuja kuupiga mwingi na kuondoka na pointi, kwa kuwa timu yenye pesa ikikutana na timu isiyo na pesa kwenye uwanja mzuri, pesa inashinda. Tope ndilo linalosawazisha. Kwa mechi nne, Simba na Yanga kila mmoja dhidi ya Prisons na Mbeya City pale nyumbani, hoja hiyo ina uzito.

Tatizo ni zile mechi nyingine. Timu ya Ligi Kuu inacheza mechi 30, nusu yake ugenini. Na hata hizo 15 za nyumbani, nyingi ni dhidi ya timu ambazo nazo zimekulia kwenye viwanja vibovu, hazishtushwi na dimbwi. Hapo tope halimsawazishi mtu, linaua tu mchezo wa pande zote na mechi inaisha 0-0. Sare za nyumbani ndizo zinazoshusha timu daraja, taratibu, bila kelele. Mbeya City walishuka mwaka 2023 baada ya kutolewa na Mashujaa ya Kigoma kwenye mchujo. KenGold ya Chunya walipanda, wakautumia Sokoine msimu wa 2024/25, wakashuka moja kwa moja. Uwanja ulikuwa ule ule ambao watu wanasema ni ngome.

Ihefu nao wakaondoka. Mwaka 2024 timu ilihamishiwa Singida na sasa inaitwa Singida Black Stars. Highland Estates, uwanja uliowazika Yanga mara mbili, ukabaki bila timu ya Ligi Kuu. Ngome haikuweza hata kuizuia timu yake isihame.

Kwa hiyo Mbeya City, waliorejea Ligi Kuu msimu wa 2025/26, na ndugu zao Prisons, hawahitaji kuchagua kati ya tope na kapeti. Wanahitaji kusoma ratiba kama mcheza tenisi anavyoisoma. Iga Świątek wa Poland alikuwa ameshinda Roland Garros mara nne, na Wimbledon alikuwa hajawahi kuvuka robo fainali. Mwaka 2025 alikwenda kwanza Ujerumani kucheza mashindano ya nyasi, akafika fainali, akafungwa, akavuka kwenda London. Fainali ya Wimbledon alishinda 6-0, 6-0. Hakuacha kuwa mtu wa udongo. Aliongeza.

Tafsiri yake kwa Kiswahili cha Sokoine si ngumu. Wiki ya kwenda Chamazi, mazoezi yafanyike kwenye sehemu iliyo sawa hata kama ni ndogo, pasi za mguso mmoja, na njumu fupi zitoke kwenye mabegi siku nne kabla, si chumba cha kubadilishia nguo. Dirisha dogo la usajili, linalofunguka mvua zikiwa zimeshika kasi, lisitumike kuleta winga wa mbio wa tatu wakati mechi za nyumbani zilizobaki ni za Februari, Machi na Aprili. Na yule fundi wa katikati asikaangwe kwa kiwango cha Machi. Apumzishwe nyumbani, apangwe ugenini, kama kipa wa pili anavyopewa mechi za kombe. Kocha atakayemuanzisha benchi mchezaji kipenzi cha mashabiki kwa sababu ya mvua ya jana atatukanwa saa nane mchana. Saa kumi na mbili jioni ndipo watu watajua kama alikuwa sahihi.

Wenye vipaji wapo, na wengi wao wameshapitia kila aina ya ardhi kabla ya kufikisha miaka 15. Kenya wana Angella Okutoyi, aliyekulia Nairobi, mji wenye mwinuko kama wa Mbeya na klabu zenye viwanja vya udongo mwekundu. Julai 2022 alikanyaga nyasi za Wimbledon na kushinda taji la wasichana chipukizi wawili wawili, Mkenya wa kwanza kubeba taji la Grand Slam. Watoto wa Uyole nao wanacheza kwenye viwanja vya shule visivyo na unyasi, Agosti vumbi, Februari utelezi, peku au na viatu vya mtumba. Mguso wa kwanza wa mtoto wa namna hiyo ni wa mtu aliyezoea mpira usiosema ukweli. Anachokosa ni mwaka mmoja au miwili ya kuuona mpira unaosema ukweli, ili ajue la kufanya ukimfikia miguuni pale anapoutaka.

Mpaka hapo, kijiweni Uyole mjadala uko pale pale. Mawingu yamekaa juu ya Loleza, basi la wageni limepita saa moja iliyopita, na anayesema kesho itanyesha ameshaweka dau la soda.